Tapeli huanza na shikamoo

Mama yangu mkubwa anaishi Muheza, mkoani Tanga, kwenye nyumba yenye michungwa mbele na nyuma. Alifundisha shule ya msingi kwa miaka 34. Simu yake ni kitochi kilichozungushiwa rababendi mara mbili ili mfuniko wa betri usidondoke, na namba za watu wake wote ziko kwenye daftari, moja kwa kila mstari, kwa ule mwandiko wa kialimu uliosimama wima. Mwezi wa saba nilipokwenda kumsalimia nililifungua daftari nimwandikie namba yangu mpya, nikakuta ukurasa mmoja haupo. Ulikuwa umekatwa kwa rula, umenyooka hadi chini.

Nilipomuuliza akasema karatasi iliingia maji. Jioni, tukiwa tumekaa uani tunachambua mchicha, akaanza kusema mwenyewe.

Alipigiwa saa nne asubuhi. Alikuwa kijana, sauti ya upole. "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu." Kijana akamjulia hali, akampa pole ya mvua, kisha akamwita "mwalimu" na kuitaja wilaya aliyostaafia. Akasema wamepitia majalada ya wastaafu wakaona yeye alipunjwa mafao. Mapunjo yake ni shilingi 4,700,000, yako tayari kulipwa, kilichobaki ni ada ya kufungulia jalada, shilingi 60,000. Akamsihi asimwambie mtu, maana wenzake wakisikia watajazana ofisini na malipo yake yatachelewa.

Mama mkubwa akaenda kwa wakala akatuma. Mchana akapigiwa tena: kuna kodi, shilingi 120,000. Akatuma na hiyo. Ilikuwa fedha ya kumlipa kijana anayempalilia michungwa. Alipoombwa mara ya tatu, shilingi 250,000, hakuwa nazo, akaenda kwa wakala kuomba mkopo. Binti wa wakala ndiye aliyemuuliza, "Kwani bibi, unamtumia nani?"

Kwenye ule ukurasa alikuwa ameandika namba ya kijana, jina alilojitambulisha nalo na kiasi alichotuma. Aliukata asije mtu akauona. Alikaa na jambo hilo moyoni miezi minne.

"Niliona aibu, mwanangu. Mimi niliyewafundisha watu hesabu."

Kiasi chenyewe, shilingi 180,000, kinazidi miezi mitatu ya pensheni jamii wanayolipwa wazee wa Zanzibar, waliofika miaka 70 na kuendelea, ambayo ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi mwaka 2016 na kupandishwa hadi 50,000 mwaka 2023. Huku Bara pensheni ya namna hiyo kwa kila mzee haipo. Kwa mzee asiye na mafao, fedha kama hiyo ikiondoka haina pa kurudia.

Watu wakisikia kisa cha namna hii husema wazee hawajui simu, au wana tamaa. Nimeyasikia maneno hayo hata kutoka kwa watoto wao wa kuwazaa, na yananiuma kwa sababu hayana ukweli. Mama mkubwa akiuza machungwa anajua ametoa matenga mangapi na dalali amemlalia shilingi ngapi. Hesabu haikumshinda. Kilichomfungulia mlango yule kijana ni marahaba.

Tuliokulia katika Kiswahili tunalijua hili bila kufundishwa. Anayeamkiwa shikamoo akaitikia, amekwisha kumpokea aliyemwamkia. Kuanzia hapo yule ni mwanawe, na mtoto aliyekuamkia humkatii maneno, humkatii simu, humwambii usoni kwamba anasema uongo. Unamsikiliza hadi amalize. Unamwombea dua. Tapeli amesoma adabu zetu vizuri kuliko tunavyozisoma wenyewe. Kabla hajataja fedha amekwisha kuuliza hali, amekwisha kutoa pole, na mzee aliyelelewa kwamba kukata simu ni kumvunjia mtu heshima anabaki ameishika sikioni hadi mkono unachoka.

Ndivyo ilivyokuwa hata kabla ya simu kuenea hivi. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka DECI, mpango wa upatu uliosimamiwa na wachungaji, watu wakiitwa "wapande mbegu" ili baadaye wavune, hadi serikali ilipoizuia mwaka 2009. Waliopanda hawakuwa wajinga. Walikuwa wakimwamini mtu waliyezoea kumwamini.

Lakini heshima ya wazee ni nusu tu ya mtego. Nusu ya pili tumeitega sisi watoto.

Ni nani hapa Tanzania ambaye hajawahi kupokea ule ujumbe wa "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja" fulani? Tunaufuta na kuendelea na shughuli zetu. Jiulize kwa nini matapeli hawajauacha miaka yote hii. Hawajauacha kwa sababu umeandikwa vilevile tunavyoandika sisi. Kifurushi kikiisha tunaazima simu ya jirani. Laini ikisumbua tunasema, "mama, tuma kwenye hii ya rafiki yangu." Tunabadilisha namba na kuwajulisha wazee baada ya wiki mbili. Hatusalimii, tunaandika "ile hela" kama vile mazungumzo yalikwisha kuanza. Mzee aliyetuma fedha kwa namba ngeni mara kumi kwa sababu mwanawe alimwambia, atawezaje kuishuku ya kumi na moja?

Na hapo kwenye "jina litakuja" pana ujanja unaostahili kutazamwa kwa karibu. Mitandao ya simu iliweka jina la mpokeaji litokee kabla hujathibitisha muamala, ili uone kama fedha inakwenda kwa mtu unayemkusudia. Ni kinga nzuri. Tapeli anaivunja kwa kukutajia jina mapema. Mzee akiweka namba na jina likatokea lilelile aliloambiwa, moyo unatulia: kumbe ni kweli. Kilichowekwa kumzuia ndicho kinachomthibitishia.

Jina lenyewe mara nyingi si la tapeli. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao zoezi lake kubwa lilifikia ukomo Januari 20, 2020 kwa laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa, kila laini ina mtu mwenye kitambulisho cha taifa, cha NIDA, nyuma yake. Matapeli nao wakajifunza kutafuta watu wa kuwaweka nyuma. Wasajili wa mitaani, wale wanaokaa chini ya miavuli, wengi wao ni watu waaminifu, lakini aliye mwovu anahitaji sentensi moja tu: "Mama, kidole hakijashika, weka tena." Mzee aliyelima na kufua maisha yake yote alama zake zimelika, ni kweli kidole huwa hakishiki, kwa hiyo anaweka tena na tena bila kushuku. Kila anapoweka, huenda laini nyingine imesajiliwa kwa jina lake, na siku moja polisi wanaweza kumtafuta bibi wa kijijini kwa wizi uliofanywa mkoa ambao hajawahi kuufika. Ukienda nyumbani wikiendi hii, chukua simu yake, piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiiona asiyoijua, mpeleke kwenye duka la kampuni husika ikafutwe. Kazi hiyo haizidi asubuhi moja.

Kuhusu mikoa, taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimeitaja mara kwa mara Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa majaribio ya utapeli wa simu. Sisemi hivyo kuwashutumu watu wa huko. Nasema kwa sababu anayesema anapiga simu kutoka "ofisini Dodoma" anaweza kuwa amekaa popote pale, na sauti haibebi anwani.

Hadithi ya mapunjo nayo imejengwa juu ya kitu cha kweli. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa ikawa PSSSF. Majalada yalihama. Wastaafu waliitwa kuhakikiwa, na uhakiki ni jambo la kawaida kwao hadi leo. Kwa hiyo mtu akipiga na kusema jalada lako limepatikana lina kasoro, inaingia akilini. Mfuko wenyewe umekuwa ukiwaonya wanachama kuhusu watu wanaojifanya maofisa wake. Mstaafu anahitaji kulishika jambo moja hapa: halipi ada ili apewe mafao yake. Anayetaka fedha kwanza ili akupe fedha, mkatie.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kumwona yule binti wa wakala. Ana kibanda cha mbao karibu na soko, simu tatu mezani na daftari lake la miamala. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kukaa saa nzima.

Aliniambia huwajua wanaotapeliwa kabla hawajafungua mdomo. "Mzee akija simu iko sikioni, najua. Wanaambiwa wasikate." Anayemtumia mwanawe, alisema, huja ametulia, huulizia bei ya sukari, hukaa kwenye benchi. Anayetapeliwa hakai. Husimama, hutetemeka kidogo, na ukimuuliza anamtumia nani hutazama pembeni kwanza. Basi yeye humwambia mtandao unasumbua kidogo, bibi, kaa unywe maji. Humpa kikombe. Huzungusha maneno hadi ile simu ikatike. "Ikishakatika tu, akili inamrudia. Mwingine huanza kulia hapohapo." Kamisheni ya muamala ule anaikosa, na hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo.

Nilitoka pale nikiwaza kwamba tumekosea kumwona wakala kama mashine ya kutolea fedha. Kabla M-Pesa haijaingia nchini mwaka 2008, fedha ya mzee ilikuja na mtu. Ilikuwa kwenye bahasha aliyokabidhiwa konda wa basi la kutoka Dar es Salaam, au ilipitia posta, na kwa vyovyote kulikuwa na mtu njiani anayejua hii inakwenda kwa nani na ni ya nini. Simu imetuondolea safari hiyo, na mimi ni wa kwanza kushukuru. Imemwondoa pia yule mtu wa katikati ambaye angeuliza. Aliyebaki na sura na macho ni wakala peke yake. Mfahamu wakala wa mzazi wako. Mwachie namba yako. Mwambie: mama akija kutuma zaidi ya elfu hamsini kwa mtu msiyemjua, nipigie hata kama ni usiku.

Ikishatokea, dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Tapeli akipokea fedha hukimbilia kuitoa au kuirusha kwenye namba nyingine. Ikiwa bado imo, kampuni ya simu inaweza kuizuia. Kwa hiyo piga kwanza 100, huduma kwa wateja, utaje kiasi, namba iliyopokea na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa uthibitisho. Kama ni wakala aliyeweka fedha moja kwa moja kwenye namba ya tapeli, ujumbe huo uko kwenye simu ya wakala, rudi kwake upesi. Usiufute. Nalisisitiza hili kwa sababu aibu huwafanya wazee wengi wafute kila kitu, kama mama mkubwa alivyoukata ukurasa, na ushahidi wote huenda nao.

Ujumbe wa kitapeli utumwe kama ulivyo kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA. Utajibiwa ukitakiwa uandike namba iliyoutuma. Ufanye hivyo hata kama hukuibiwa senti, maana ujumbe ulioushtukia wewe unaweza kuwa umetumwa pia kwa bibi wa jirani. Kwa wasomaji wetu wa Kenya walio wateja wa Safaricom, namba ya kupelekea ujumbe wa namna hiyo ni 333.

Kisha twende polisi, kituo chochote kilicho karibu, kuchukua RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu huu kuwa jinai, na kujifanya mtu mwingine vilevile. Mzee asiende peke yake. Si kwamba hawezi kujieleza. Ni kwamba kusimama kaunta mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wako na kueleza jinsi ulivyodanganywa kunahitaji mtu wa kukaa kando yako. Kama fedha imetoka benki, benki ijulishwe mara moja ifunge kadi au akaunti, na malalamiko yasiposikilizwa Benki Kuu ina dawati la kuyapokea.

Na baada ya hayo yote, mzee ajihadhari na mtu wa pili. Huja siku chache baadaye, mpole zaidi ya wa kwanza, akisema anatoka kitengo cha kurejesha fedha zilizoibwa. Naye ana ada yake ndogo. Namba ya aliyekubali mara moja ina thamani kwa matapeli, na wanajua kwamba aliyepoteza anatamani sana kuambiwa bado kuna njia.

Wapo pia wezi wasiohitaji kupiga simu. Mjukuu anayetumwa kutoa elfu ishirini akatoa thelathini. Jirani anayesaidia kusoma ujumbe na anayeijua namba ya siri kwa sababu imeandikwa kwenye karatasi nyuma ya betri. Hili ni gumu kulisema kwenye familia, na mara nyingi halisemwi kabisa. Dawa yake inaanza na kumfundisha mzee kubonyeza namba ya siri mwenyewe, taratibu, mara hamsini ikibidi, kwa uvumilivu uleule aliokuwa nao alipokufundisha kufunga kamba za viatu.

Nirudi kwenye familia yetu, maana huko ndiko nilikojifunza zaidi. Binamu yangu wa Dar es Salaam alipopata habari alipiga simu usiku uleule. "Mama jamani, hata wewe?" Hakuwa na ubaya, alikuwa na uchungu. Lakini nilimwona mama mkubwa akiishusha simu magotini, na siku mbili nzima hakuongea sana. Nilielewa ni kwa nini alinyamaza miezi minne: aliijua sentensi hiyo kabla haijatamkwa. Tapeli akimwambia mzee "usimwambie mtu", amri hiyo hufanya kazi kwa sababu mzee ameshaogopa watakavyosema watu wake. Ningependa kila mwenye mzazi aliyevuka miaka 60 aamue leo neno la kwanza atakalosema siku akiambiwa habari kama hiyo. Liwe "pole". Maswali yafuate kesho yake.

Tulipatana mambo machache, yeye, binamu na mimi. Hakuna mtoto wa nyumba ile atakayeomba fedha kwa ujumbe, tutapiga na atatusikia. Hakuna atakayemwambia atume kwa namba isiyo kwenye daftari, hata kama amekwama stendi. Na kwa kuwa siku hizi hata sauti ya mtu huigizwa kwa kompyuta, tuna neno letu, jina la ng'ombe aliyekuwa wa babu, ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Akisikia mwanawe anataka fedha kwa haraka, atauliza: ng'ombe wa babu aliitwaje?

Kulikuwa na jambo moja alilolikataa. Nilimwambia namba ngeni asipokee kabisa. Akasema hapana, huenda ni mwanafunzi wake wa zamani, huenda ni mtu amefiwa. Na akiamkiwa ataitikia, hawezi kuacha salamu ya mtu ianguke chini. Sikubishana naye.

Nilikuwa bado kwake siku ya Jumapili simu ilipoita, namba ngeni. Niliisikia sauti kutoka pale nilipokaa, ya kijana, ya upole. "Shikamoo mama." Kisha neno "mafao" na neno "jalada".

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akaitoa simu sikioni, akabonyeza kitufe chekundu, akavuta daftari na kuiandika ile namba kwenye mstari unaofuata.